Spotify imefika, lakini nyimbo zitabaki mikononi mwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze wasiwasi wangu kuhusu huduma ya muziki ya Spotify, ambayo Jumatatu ya tarehe 22 Februari mwaka 2021 ilitangaza kwamba inaingia katika nchi zaidi ya 80 kwa mkupuo mmoja, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Tangu siku hiyo vijana ninaokutana nao hapa Morogoro wanaizungumza kama mgeni wa heshima aliyechelewa kufika, na redioni nimesikia wanamuziki wetu wakipongezwa kana kwamba wamekwisha kulipwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, nimeupenda muziki wa dansi na taarabu kwa zaidi ya miaka hamsini, na sina ugomvi na teknolojia, maana hata barua hii naiandika kwa simu. Lakini katika furaha yote hii sijasikia mtu akiuliza jambo ambalo mama yeyote sokoni huuliza kabla hajafungua pochi, yaani nikishalipa, mkononi mwangu kinabaki nini? Na yule aliyetunga na kuimba, mkononi mwake kinabaki nini?

Kampuni yenyewe si ya jana. Ilianzishwa Stockholm, Uswidi, mwaka 2006, na huduma yake ikaanza kutumika Oktoba 2008. Mwishoni mwa mwaka 2020 ilikuwa na watumiaji milioni 345 kwa mwezi, na kati yao milioni 155 walikuwa wakilipia. Ghala lake lilikuwa na nyimbo zaidi ya milioni 70. Wala si ya kwanza ya aina yake kutufikia, kwa kuwa Mdundo ilianzia Nairobi, na Boomplay ilikuja ikiwa imekwisha kuwekwa ndani ya simu za Tecno. Tofauti ni ukubwa. Huyu anayeingia sasa ndiye anayeamua kwa kiasi kikubwa jinsi dunia inavyosikiliza muziki, na kwa sababu hiyo anastahili kuulizwa maswali makubwa zaidi.

Nianze na msikilizaji. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikauzwa katika pwani yote hii. Ukibahatika leo kupata moja ambayo haijavunjika, pamoja na gramafoni yenye sindano nzima, itaimba. Haitakuuliza ulilipa lini mara ya mwisho, wala haitataka kwanza kuwasiliana na kiwanda kilichoitengeneza. Sasa chukua wimbo ambao mteja anayelipia Spotify ameuhifadhi katika simu yake ili ausikilize bila intaneti. Wimbo huo umefungwa ndani ya programu ya kampuni na hauwezi kutoka humo. Simu lazima iunganishwe na intaneti angalau mara moja katika kila siku 30 ili kampuni ihakikishe kwamba bado unalipa, na usipofanya hivyo nyimbo ulizozihifadhi zinanyamaza hata kama ziko palepale ndani ya simu. Ukiacha kulipa, zinaondoka.

Wanaliita tendo hili kupakua. Mimi nimelelewa nikijua kwamba kupakua chakula ni kukitoa chunguni na kukitia sahanini mwa mlaji, na tangu hapo chakula ni chake. Aliyekupakulia haji baada ya siku thelathini kukagua sahani na kukichukua. Tungesema tu kwamba kampuni inatupangisha nyimbo kwa mwezi, kila mtu angeelewa na kuamua kwa akili yake. Kupanga si dhambi. Nimepanga nyumba miaka mingi ya utumishi wangu, lakini sikuwahi kumwambia mke wangu kwamba tumenunua nyumba.

Anayedhani kwamba kampuni kubwa haiwezi kufunga mlango, na aangalie kilichotokea siku mbili tu baada ya tangazo hili. Tarehe 24 Februari Google ilianza kufuta maktaba za wateja wa huduma yake ya Google Play Music, ambayo ilianzishwa mwaka 2011 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2020. Katika huduma hiyo watu walikuwa wamepandisha maelfu ya nyimbo kutoka katika diski zao wenyewe, wakiamini kwamba zitakuwa salama kuliko kabatini. Nakiri kwamba Google ilitoa notisi mapema na ikawapa wateja njia ya kuhamia YouTube Music, na mwenye kufuatilia hakupoteza kitu. Lakini aliyekuwa mgonjwa, au safarini, au aliyebadilisha anwani ya barua pepe asiione notisi, huyo amekuta ghala tupu.

Microsoft ilifanya kubwa zaidi. Ilifungua duka la MSN Music mwaka 2004, na waliolitumia walinunua nyimbo moja moja kwa fedha zao, si kwa kupanga. Duka likaacha kuuza mwaka 2006, na Aprili 2008 kampuni ikawaandikia wateja kwamba baada ya tarehe 31 Agosti haitatoa tena funguo za kuziruhusu nyimbo hizo kupigwa katika kompyuta mpya. Maana yake ni kwamba kompyuta yako ikifa, na nyimbo ulizozinunua zimekufa nayo. Makelele yalipozidi, kampuni iliongeza muda hadi mwaka 2011. Fikiri juu ya hilo, ndugu Mhariri. Mtu ana risiti mkononi, na bado uhai wa kitu alichokinunua unategemea kama muuzaji ataendelea kuwasha mtambo wake. Nako kwa wanamuziki, mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kwamba nyimbo zilizokuwa zimewekwa humo hadi mwaka 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wapo wanamuziki waliokuwa hawana nakala nyingine popote.

Na mfano wa karibu kabisa ni huu. Tarehe 1 Machi 2021, mamia ya nyimbo za wasanii wa Korea Kusini zilitoweka katika Spotify duniani kote, kwa sababu mkataba kati yake na kampuni ya Kakao M ulimalizika na pande mbili hazikuafikiana juu ya mpya. Zilirudi siku chache baadaye, mwezi huohuo. Lakini mteja aliyelipia mwezi mzima hakuwa na kauli yoyote katika mazungumzo hayo, na wasanii wenyewe walionekana kushtuka kama mashabiki wao. Ikiwa hayo yamewapata wanamuziki wa Korea Kusini, ambao nyuma yao kuna makampuni yenye mawakili na nguvu ya fedha, mimi naona ni haki yetu kuuliza yatakayoipata bendi ya Ilala au kikundi cha taarabu cha Tanga siku mkataba wa watu wawili wasiowajua utakapovunjika.

Kuhusu gharama nitapita haraka, lakini hesabu yake ni rahisi na kila mzazi anaweza kuifanya. Katika kiwango cha kawaida cha sauti, Spotify hutumia kilobiti 96 kwa sekunde, ambazo ni takribani MB 43 kwa saa. Kijana anayesikiliza saa mbili kwa siku atamaliza karibu GB 2.6 kwa mwezi, na akipandisha ubora hadi kilobiti 320 atatumia zaidi ya mara tatu ya hapo. Asiyelipia hana ruhusa ya kuzihifadhi nyimbo, kwa hiyo ile huduma inayoitwa ya bure inalipiwa kwa bando, na fedha ya bando haiendi kwa mwanamuziki. Najua kwamba yule kijana mwenye kompyuta pale stendi ya Msamvu, anayejaza nyimbo katika kadi ya simu kwa shilingi chache, naye hampi mwanamuziki chochote, na simtetei. Nasema tu kwamba huduma halali iliyo ghali kwa mtu wa kipato cha chini haitamwondoa kijana huyo pale stendi.

Sasa niingie katika jambo ambalo naona halijaelezwa kabisa kwa wananchi, nalo ni jinsi mwanamuziki anavyolipwa. Wengi wanaamini kwamba kila wimbo unaposikilizwa kuna senti fulani inayoingia katika akaunti ya msanii. Sivyo. Hakuna bei ya wimbo mmoja. Kampuni hukusanya mapato ya mwezi kutoka katika nchi husika, hubaki na takribani theluthi moja, na kinachobaki hutiwa katika chungu kimoja. Kisha huhesabiwa nyimbo zote zilizosikilizwa katika nchi hiyo, na wenye haki hupewa sehemu ya chungu inayolingana na sehemu yao ya usikilizaji wote. Wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30.

Nitoe mfano wa darasani, ambao tarakimu zake nimezibuni mimi ili hesabu ieleweke. Tuseme chungu cha mwezi kina shilingi milioni 100, na nyimbo zote zilizosikilizwa ni milioni 50. Kikundi cha taarabu kimesikilizwa mara 5,000, ambayo si idadi ndogo kwa kikundi cha mtaani. Sehemu yao ni moja ya elfu kumi, yaani shilingi 10,000. Kabla haijawafikia, wakala aliyepeleka nyimbo anachukua chake na mwenye studio anachukua chake. Kinachobaki kinagawanywa kwa watu kumi na wawili wanaopiga fidla, kanuni, kinanda na ngoma, na mwimbaji juu yao.

Udogo wa kiasi si jambo linaloniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni mahali fedha yangu inapokwenda. Tuseme mimi nimelipia mwezi mzima na sikusikiliza kitu kingine ila taarabu ya Unguja. Mtu wa kawaida atasema ada yangu, baada ya kampuni kuchukua fungu lake, igawanywe kwa wale wanataarabu niliowasikiliza. Katika mfumo huu haiendi hivyo. Ada yangu inatiwa katika chungu kilekile, na sehemu kubwa yake inakwenda kwa wale waliosikilizwa zaidi na watu wengine wote nchini, hata kama mimi sijawahi kulisikia jina lao. Mzee anayesikiliza nyimbo ishirini kwa siku anachangia kama kijana anayeacha simu ikiimba usiku kucha, lakini kijana ndiye anayeamua fedha ya mzee iende wapi. Na kwa kuwa chungu ni cha kila nchi, na nchi yenye ada ndogo ina chungu kidogo, msanii ambaye mashabiki wake wako Tanzania atapata kidogo kwa kila mara anaposikilizwa kuliko yule mwenye mashabiki idadi hiyohiyo huko Uswidi.

Mtu asiniambie kwamba haiwezekani kufanya vingine. Tarehe 2 Machi 2021 kampuni ya SoundCloud, nayo ya huduma ya muziki, ilitangaza kwamba kuanzia Aprili wanamuziki wanaojitegemea walio katika mpango wake watalipwa kwa kufuata kila msikilizaji alimsikiliza nani, ili ada ya mtu iwaendee aliowasikiliza yeye. Kwa hiyo njia ipo, na kompyuta zinazoweza kukumbuka kila wimbo niliousikiliza usiku wa manane haziwezi kushindwa kugawa ada yangu kwa majina sita. Huko Uingereza, mwishoni mwa mwaka 2020 kamati ya Bunge ilianza kusikiliza ushahidi kuhusu malipo ya wanamuziki katika huduma za aina hii, na Oktoba 2020 wanamuziki wa Marekani walianzisha kampeni ya kuidai Spotify iwalipe angalau senti moja ya dola kwa kila wimbo unaposikilizwa. Wenzetu walioishi na huduma hii kwa miaka kumi na zaidi waliilalamikia mbele ya Bunge, nasi tunaipokea kwa vigelegele bila kuuliza wanalalamikia nini.

Kuna na jambo la mlango wa kuingilia. Mwanamuziki wa Mwanza hawezi kuamka asubuhi akaipelekea Spotify wimbo wake mwenyewe. Septemba 2018 kampuni ilijaribu kuruhusu baadhi ya wasanii kufanya hivyo, na Julai 2019 ikaufunga mpango huo. Lazima apitie kwa wakala wa usambazaji, na mikataba ya mawakala hao huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, mara nyingine ikimfunga msanii kwa miaka mingi kwa kubonyeza kitufe kimoja tu cha kukubali. Zaidi ya hapo, Novemba 2020 kampuni ilitangaza majaribio ya mpango ambao mwenye wimbo anaweza kuomba wimbo wake upewe kipaumbele katika zile nyimbo ambazo mashine humchagulia msikilizaji, kwa sharti la kukubali mrabaha (malipo ya haki ya wimbo) pungufu. Sote tunakumbuka manung’uniko ya wasanii chipukizi waliosema kwamba bila kumpa mtu chochote nyimbo zao hazipigwi redioni. Tulikubaliana kwamba hilo ni baya. Sielewi ni kwa nini liwe zuri likifanywa na mashine, na mnyonge akilipia kwa kukatwa katika kidogo chake.

Nimeliacha mwisho jambo linalonigusa kuliko yote, yaani nyimbo za zamani. Bendi zetu nyingi za miaka ya 1960 hadi 1980 hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya Jumuiya ya Wafanyakazi, ikageuka JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafirishaji na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama na Bima Lee ya Shirika la Bima. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, vyombo vilikuwa vya mashirika, na santuri zetu nyingi zilitengenezwa Nairobi kwa kuwa hapa hapakuwa na kiwanda. Baadhi ya mashirika hayo yamekufa. Sasa anakuja wakala mwenye kanda ya zamani na kompyuta, anazipandisha nyimbo katika ghala la dunia, na mahali pa mwenye haki anaandika jina la kampuni yake. Atasema nyimbo hizi hazina mwenyewe. Zina wenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe, ambaye sisi wa Morogoro hatuwezi kutaja muziki bila kumtaja, alifariki Mombasa Januari 1979, na maana yake ni kwamba haki za tungo zake ziko hai hadi mwaka 2029. Wapo wengi waliotunga katika bendi moja naye au bendi jirani ambao wako hai, wanalima bustani zao, na hakuna aliyewauliza.

Katika taarabu tatizo ni zito zaidi, kwa sababu mashairi huweza kuwa ya mtu mmoja, muziki ukatiwa na mwingine, na mwimbaji akawa wa tatu. Vikundi kama Ikhwani Safaa, ambacho kimekuwapo Zanzibar tangu mwaka 1905, vina hazina ya tungo za vizazi kadhaa vya malenga. Msikilizaji anapofungua simu anaona jina la mwimbaji au la kikundi. Kwa haki nitaje kwamba tangu mwaka 2018 Spotify ina sehemu ya kuonyesha mtunzi na mtayarishaji, lakini sehemu hiyo hujazwa kwa taarifa za yule aliyepeleka wimbo. Asipojua, au asipojali, itabaki tupu, na mrabaha wa mtunzi asiyeandikwa hauna njia ya kumfikia.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alipiga tarumbeta katika bendi ya shirika moja la umma mjini Dar es Salaam. Alitunga nyimbo kadhaa, maneno na sauti, na mbili kati yake zilipendwa sana enzi zake. Miaka mingi baadaye rafiki yangu aliyekuwa masomoni Ulaya aliniletea diski ya nyimbo za zamani za Tanzania iliyotolewa na kampuni moja ya huko, na wimbo wa nne ulikuwa wa mjomba. Kijitabu cha ndani kilikuwa na picha nzuri na maelezo ya kurasa nane kuhusu jiji, bendi na siasa za wakati ule, lakini mahali pa mtunzi paliandikwa kwamba ni wimbo wa jadi. Mjomba alikuwa hai, akiishi kilomita chache kutoka kwangu. Alikisoma kile kijitabu polepole kwa miwani yake, akanirudishia bila neno, na baada ya kimya kirefu akaniomba nimtafutie daftari. Kwa wiki tatu, kila jioni, alinitajia wimbo mmoja baada ya mwingine, nami nikaandika nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga solo, nani ridhimu, nani besi, nani tumba, na nani walipuliza. Zilifika nyimbo 43. Alipokosea jina usiku, alikuja asubuhi kulisahihisha.

Sisemi Spotify isije, wala sisemi vijana wasiitumie. Ndugu zetu walioko Muscat, London na Toronto watazipata nyimbo za nyumbani kwa njia halali, na msanii chipukizi atajua kwa mara ya kwanza kwamba kuna watu wanaomsikiliza Goma au Mombasa. Hayo ni mema na nayatambua. Ninachokataa ni dhana kwamba tumepata mahali pa kuhifadhia muziki wetu. Hili ni duka, na tena duka la kupangisha. Mwenye kanda na diski asizitupe kwa sababu nyimbo hizo sasa zinapatikana katika simu, na mwanamuziki asimkabidhi wakala nakala yake pekee ya wimbo kwa sababu ameahidiwa kwamba itakaa humo milele.

Kwa kampuni yenyewe ombi langu ni moja. Imetangaza kwamba programu yake itapatikana katika lugha mpya 36, Kiswahili kikiwamo, na nimefurahi. Basi masharti ya matumizi na maelezo ya jinsi chungu kinavyogawanywa nayo yaandikwe kwa Kiswahili kamili, kama yalivyoandikwa maneno ya kutukaribisha kulipia. Kwa Shirika letu la Utangazaji, TBC, linalotunza kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, naomba lisiruhusu kanda hata moja iingie katika huduma yoyote ya kibiashara kabla orodha ya watunzi na wapigaji wake haijatangazwa hadharani, ili wenye kudai wadai na wenye kusahihisha wasahihishe. Na kwa COSOTA, ambao ndio waliopewa na sheria jukumu la kusimamia haki hizi, naomba watenge meza ya kupokea kumbukumbu kutoka kwa wazee wa muziki na familia zao, mkoa kwa mkoa, wakati baadhi yao bado wanaweza kuzungumza. Kumbukumbu hizo ziko majumbani, katika barua, picha na vichwa vya watu wenye umri wa miaka sabini na themanini, na kila mwezi tunamzika mmoja wao.

Daftari la mjomba ninalo. Lina kurasa 61, na nimekwisha kulitolea nakala mbili. Wakinitajia ofisi na jina la meza, nitapanda basi la asubuhi nilipeleke mwenyewe.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro.